Ua la Pareto Nchini Mwetu

Apitaye vijiji vilivyo chini ya milima ya Karisimbi na Muhabura, kaskazini ya Rwanda, huona mashamba ya maua meupe yenye kitovu cha manjano. Ua hilo ni mgeni. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya bahari ya Adria, na unga wake ulisifika kwa kuua viroboto. Wajapani walilipanda kwa wingi hata wakaongoza ulimwengu. Kenya ililipokea mwishoni mwa miaka ya 1920, na Japani ilipoingia vitani 1941, wanunuzi wakazigeukia nyanda za juu za Afrika ya Mashariki.

Waswahili huliita pareto, Wanyarwanda ibireti. Ni neno moja lililopita milango miwili, wa Kiingereza na wa Kifaransa. Walimu wenzangu wataona humo somo zuri la darasani.

Sumu yake, pairethrini, hukaa zaidi katika vijimbegu vya ua. Humvuruga mdudu mishipa ya fahamu, akaanguka papo hapo. Kisha jua huivunja kwa muda mfupi. DDT, iliyoenea baada ya vita kwa urahisi wa bei, hudumu udongoni miaka mingi, na Marekani iliizuia mashambani 1972. Ingedhaniwa kwamba zamu ya ua imefika. Lakini 1973 Michael Elliott na wenzake, huko Rothamsted, Uingereza, walitangaza pamethrini, dawa ya maabara iliyoiga umbo la ile ya ua, nayo ilistahimili jua. Mkulima wa milimani akapata mshindani asiyehitaji mvua wala kuchuma kwa mkono.

Nasi tusilitakase ua hili kupita kiasi. Mwaka 1969 takriban hekta 10,000 zilikatwa kutoka hifadhi ya milima ya volkano, makao ya sokwe, ili familia zipewe mashamba ya pareto. Siwalaumu waliohamia, kwani ardhi ilikuwa haba. Walitakiwa kutenga sehemu ya shamba kwa ajili ya ua. Wengi walitamani viazi, viliwavyo na kuuzwa upesi. Na viazi hushambuliwa na ukungu, ambao pareto haiuwezi. Hivyo, katika ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya dawa ya mmea, mkulima hubeba bomba mgongoni akanyunyiza dawa ya kiwandani.