Mpangilio wa modi katika The Sims 4

'''Mpangilio wa modi katika The Sims 4''' ni utaratibu wa kugawa mafaili ya nyongeza ya mchezo huo wa kompyuta katika folda ndogondogo, ili mchezo uweze kuyasoma na mchezaji aweze kuyapata, kuyabadilisha au kuyaondoa bila shida. Modi ni nyongeza ambayo kwa kawaida hutengenezwa na wachezaji wenyewe, si kampuni iliyotoa mchezo. Huongeza nguo, nywele au samani, ama hubadilisha namna mchezo unavyofanya kazi.

The Sims 4 ulitengenezwa na Maxis na kutolewa na kampuni ya Electronic Arts tarehe 2 Septemba 2014. Mchezaji huunda watu wa kubuni, huwajengea nyumba na kuongoza maisha yao. Modi zinazoelezwa hapa hutumika katika kompyuta za Windows na macOS.

== Aina za mafaili ==
Mafaili ya modi ni ya aina mbili, na hutambulika kwa mwisho wa majina yao:
* '''.package''' hubeba vitu kama vile nguo na samani, au hubadilisha viwango vilivyomo ndani ya mchezo, kwa mfano kasi ya mhusika kupata njaa.
* '''.ts4script''' hubeba maagizo ya programu yaliyoandikwa kwa lugha ya Python. Modi ya namna hii huitwa modi ya skripti.

Modi moja inaweza kuwa na mafaili ya aina zote mbili yanayotegemeana. Likikosekana moja, modi haifanyi kazi ipasavyo.

== Mahali pa kuweka modi ==
Modi huwekwa katika folda iitwayo Mods. Folda hiyo imo ndani ya folda ya The Sims 4, ambayo imo ndani ya folda ya Electronic Arts katika nyaraka za mtumiaji. Ndani ya Mods kuna faili la maandishi liitwalo Resource.cfg. Faili hilo huuelekeza mchezo mahali pa kutafuta mafaili ya .package. Mstari wa ''PackedFile *.package'' unahusu mafaili yaliyo moja kwa moja ndani ya Mods, na mstari wa ''PackedFile */*.package'' unahusu yaliyo ndani ya folda ndogo moja. Kila alama ya nyota na mkwaju inayoongezwa humaanisha ngazi moja zaidi. Faili hilo likifutwa, mchezo hulitengeneza upya unapofunguliwa.

== Kina cha folda ==
Kwa mpangilio wa kawaida wa Resource.cfg, mafaili ya .package husomwa hata yakiwa ndani ya folda ndogo tano, moja ndani ya nyingine. Mafaili ya .ts4script hayana nafasi hiyo: husomwa yakiwa moja kwa moja ndani ya Mods au ndani ya folda ndogo moja tu. Kwa mfano:
* ''Mods/Skripti/ajira.ts4script'' husomwa.
* ''Mods/Skripti/Ajira/ajira.ts4script'' halisomwi.

Faili lililowekwa ndani mno huachwa kimya kimya, na mchezaji huweza kudhani kwamba modi ni mbovu ilhali kosa ni la mahali ilipowekwa. Kosa hili hutokea kwa urahisi pale faili la zip linapofunguliwa, kwa kuwa kompyuta huweza kuunda folda mpya na hivyo kuongeza ngazi moja. Vilevile faili la .package lililobaki ndani ya zip halisomwi.

== Njia za kupanga ==
Njia zinazotumika zaidi ni tatu:
* '''Kwa aina ya kitu''': nywele, nguo, samani. Hufaa kwa mwenye vitu vingi vya mapambo.
* '''Kwa mtengenezaji''': hurahisisha kujua modi zipi zibadilishwe mtengenezaji anapotoa matoleo mapya.
* '''Kwa kazi''': modi za skripti huwekwa mbali na mapambo, kila modi katika folda yake ya ngazi ya kwanza pamoja na mafaili yake yote.

Folda hazipunguzi idadi ya mafaili yanayosomwa, wala haziondoi mgongano kati ya modi mbili zinazobadilisha kitu kilekile. Faida yake ni kwamba toleo la zamani huonekana na kufutwa kabla ya kuweka jipya. Matoleo mawili ya modi moja yakibaki katika folda tofauti, huweza kugongana.

== Baada ya mchezo kusasishwa ==
Mchezo unaposasishwa, modi huzimwa. Mchezaji huziwasha tena katika mipangilio, ambamo modi za skripti zina sehemu yao ya kuruhusiwa, kisha hufungua mchezo upya. Modi za skripti ndizo huharibika mara nyingi zaidi, hivyo folda yake hukaguliwa kwanza.

Ili kupata modi mbovu, nusu ya mafaili huhamishwa nje ya Mods na mchezo hujaribiwa. Tatizo likiisha, modi mbovu imo katika nusu iliyotolewa. Likibaki, imo katika nusu iliyosalia. Nusu yenye tatizo hugawanywa tena. Kwa njia hii, modi mbovu moja kati ya 64 hupatikana kwa majaribio 6. Mafaili ya modi moja huhamishwa pamoja.

Majaribio hayo hufanywa katika mchezo mpya. Mchezo wa zamani ukifunguliwa bila modi zake, vitu vilivyotokana nazo hutoweka au kubadilishwa, na ukihifadhiwa katika hali hiyo vitu hivyo huweza kupotea kabisa. Kwa sababu hiyo folda ya saves, inayotunza michezo iliyohifadhiwa, hunakiliwa mahali pengine kabla ya kugusa folda ya Mods.