Noonkopir, ujenzi wa
Noonkopir ni kituo cha biashara mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Namanga. Eneo hili lilikuwa malisho ya Wamaasai, na ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, ndipo ploti zikaanza kuuzwa. Kwa hiyo mjenzi huanza na hati: huichunguza katika masjala ya ardhi, na kama ardhi bado ni ya kilimo, huomba kubadilisha matumizi. Kisha msanifu na mhandisi waliosajiliwa huchora ramani na kuipeleka kaunti. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inasema ombi lisilojibiwa kwa siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Hata hivyo, ni busara kungoja kibali cha maandishi. Mradi husajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hukagua athari kwa mazingira.

Tatizo kubwa liko ardhini. Udongo mweusi wa Kitengela huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Fundi mwangalifu huuchimba wote mpaka afikie mwamba au udongo mgumu, akajaza mawe na kuyashindilia kabla ya kumwaga zege. Ukiachwa chini ya sakafu, kuta hupata nyufa.