Fyuzi Iliungua kwa Nini?

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini, juma hili nataka tuzungumzie kitu kidogo ambacho ukikiweka kiganjani hakizidi urefu wa kidole kimoja. Nazungumzia fyuzi.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kufuata habari visiwani, nikapanda ndege ndogo ya injini moja. Tulikuwa wanne pamoja na rubani. Wakati wa kurudi, mvua ikiwa imetanda baharini, nilimwona rubani akibonyeza kitufe cha redio mara moja, mara mbili, mara tano. Kimya. Hakusema neno. Alizungusha namba kwenye kile chombo kinachojibu rada akaweka 7600, ambayo kwa marubani wa dunia nzima maana yake ni moja: nimepoteza mawasiliano. Tulizunguka karibu na kiwanja mpaka kwenye mnara wa kuongozea ndege ikawaka taa ya kijani isiyopepesa. Ndipo tukatua.

Fundi aliyetupokea alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichomoa fyuzi ya redio, akaitazama. Imeungua. Rubani akamwambia, "Mzee, hiyo nimeibadilisha jana tu." Yule mzee akamtazama kwa muda, kisha akamwuliza, "Sawa, mwanangu. Na ya jana iliungua kwa nini?"

Rubani hakuwa na jibu. Mzee aliingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa humo karibu nusu saa, akatoka na jibu: waya wa umeme wa redio ulikuwa umesuguana na bati mpaka ganda lake likachubuka. Kila ndege ilipotikisika, waya uligusa bati, fyuzi ikafa. Fyuzi haikuwa mgonjwa. Fyuzi ilikuwa mlinzi aliyepiga kelele, na sisi tukamzika mlinzi na kumwajiri mwingine bila kuuliza mwizi amepitia wapi.

Swali la mzee yule limenifuata miaka yote, na ndilo lililonirudisha kwenye habari ya Amelia Earhart, rubani mashuhuri wa Marekani.

Mwaka 1937 mama huyu alikusudia kuizunguka dunia karibu na mstari wa ikweta kwa ndege yake ya Lockheed Electra yenye injini mbili, akiwa na mwongoza njia wake, Fred Noonan. Mwezi Juni walilivuka bara letu toka Senegali, wakapita Gao, El Fasher na Khartoum, wakatokea Massawa kwenye Bahari ya Shamu, wakaendelea Asia. Mwisho wa mwezi huo walikuwa Darwin, Australia.

Pale Darwin iligundulika kwamba chombo chake cha redio cha kutafuta mwelekeo hakifanyi kazi. Fundi alipochunguza, alikuta fyuzi imeungua. Ikawekwa mpya, chombo kikaamka, safari ikaendelea hadi Lae, katika kisiwa cha New Guinea.

Hebu nieleze chombo hicho kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ni antena ya duara inayozungushwa kwa mkono. Ukiizungusha huku ukisikiliza kituo fulani, sauti hupanda na kushuka. Mahali inapofifia kabisa ndipo panapokuonyesha mstari wa kuelekea kituo hicho. Yeyote aliyewahi kuhangaika na redio ndogo ya betri, akaigeuza huku na huku ili aipate stesheni, ameionja elimu hiyo bila kujua.

Tarehe 1 Julai, Earhart alirusha ndege kwa majaribio pale Lae. Akajaribu kutafuta mwelekeo wa kituo cha redio cha Lae, akashindwa. Sauti haikufifia popote. Akaona sababu ni kwamba kituo kilikuwa karibu mno na kina nguvu mno. Huenda ni kweli. Lakini msikilizaji, jaribio lililoshindwa lilipewa maelezo, halikurudiwa kutoka umbali mkubwa zaidi. Kesho yake, tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi, waliondoka.

Mbele yao palikuwa na zaidi ya kilomita 4,000 za maji matupu, na mwisho wake kisiwa cha Howland, kipande cha mchanga na matumbawe chenye urefu wa kilomita 2 hivi, kisichoinuka juu ya bahari zaidi ya paa la nyumba. Manowari ya walinzi wa pwani wa Marekani, Itasca, iliwangoja hapo ikifukiza moshi mweusi ili uonekane kutoka mbali.

Alfajiri ilipofika, Itasca ilimsikia Earhart kwa sauti kubwa na safi. Alisema anaamini yuko juu yao lakini hawaoni, na mafuta yanapungua. Itasca ikamjibu kwa sauti, tena na tena. Hakusikia. Aliisikia mara moja tu, kwenye masafa ya kilohezi 7500 ambayo yeye mwenyewe aliyaomba, akasema ameipata ishara lakini hawezi kupata mwelekeo wake. Haikuwa ajabu: masafa hayo yalikuwa ya juu mno kwa kazi ile ya antena ya duara. Ile antena ndefu ya waya, ambayo ingemsaidia kutumia masafa ya chini ya kilohezi 500, ilikuwa imekwisha kuondolewa kwenye ndege. Na pale kisiwani nako, chombo cha kutafuta mwelekeo kilichowekwa kumsaidia kilikuwa na betri zilizoishiwa nguvu usiku ule ule.

Hazikupita saa nyingi, sauti ikakatika. Meli na ndege za kijeshi zilimtafuta hadi tarehe 19 Julai. Hakupatikana. Alikuwa amebakiza wiki tatu kutimiza miaka 40.

Sasa mtu ataniuliza, mbona mwaka mmoja kabla yake Beryl Markham alivuka bahari bila redio kabisa? Naam, ni kweli. Markham alikulia Njoro, Kenya, akajifunza urubani na kufanya kazi hiyo Nairobi. Septemba 1936 aliondoka Uingereza peke yake kwa ndege ya injini moja, akaruka zaidi ya saa 21 dhidi ya upepo, injini ikazimika kwa kukosa mafuta baada ya barafu kuziba njia, akaangukia kwenye tope huko Nova Scotia, Canada. Alitoka na jeraha kichwani, lakini hai.

Sisemi kwamba kuruka bila redio ni busara. La hasha! Bahati ilimbeba. Lakini tazama tofauti. Markham alijua kwamba hana redio, kwa hiyo hakuipangia kazi. Alilenga bara zima, si kisiwa cha kilomita 2. Earhart aliamini kwamba anayo, akaipa redio kazi ya kumfikisha pale ambapo jua, nyota na saa ya Noonan visingetosha. Chombo kibovu unachokijua utakikwepa. Kinachoua ni kile kilichoamshwa jana, ukakiamini leo.

Ndiyo sababu mafundi wazuri wa ndege ndogo hawaridhiki redio inapoanza kusema. Huanza na vilivyo rahisi: plagi ya visikizi imeingia sawasawa? Sauti imefunguliwa? Masafa ni yale yaliyotakiwa? Kisha huenda kwenye fyuzi, nyaya, mizizi ya antena ambako chumvi ya pwani hupenda kujificha. Wakipata kosa huliandika kwenye kitabu cha ndege, wakaandika na chanzo chake, kisha redio hujaribiwa kwa kuzungumza na mnara kabla ndege haijaondoka. Neno "imepona" bila chanzo si matengenezo, ni matumaini.

Na mimi nisiwatazame marubani tu. Studio yetu imewahi kunyamaza wakati wa taarifa ya habari. Tulichomeka upya waya, sauti ikarudi, tukapeana mikono. Kesho yake, saa ile ile, kimya. Nyumbani jiko la umeme linakata taa, tunarudisha swichi na kuendelea kupika. Hata maofisini hasara ikitokea tunambadilisha karani, na miezi sita baadaye karani mpya anapata hasara ile ile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba kabla ya kuuziba ufa, mtu auulize umetoka wapi. Yule mzee mwenye miwani ya uzi alimwuliza rubani wetu swali la maneno machache tu, nasi tulikuwa tumesimama nchi kavu tulipolisikia. Earhart na Noonan hawakupata nafasi hiyo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.