Bariadi hadi Lamadi kwa miguu: namna ya kupanga safari ngumu ya mwisho wa juma

Mkoa wa Simiyu hauna mlima mrefu wa kupanda. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni tambarare yenye vilima vya mawe, mashamba ya pamba na malisho, ikishuka polepole kuelekea Ziwa Victoria lililo kwenye kimo cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo wakazi wengi wa Bariadi hudhani kwamba safari ya miguu yenye kumjaribu mtu lazima aifuate Kilimanjaro au Meru. Hata hivyo, kutoka mjini Bariadi hadi Lamadi, wilayani Busega, barabara ina urefu wa kilomita 71.8, na mtu anayeutembea umbali huo kati ya Ijumaa jioni na Jumapili jioni, akiwa amebeba maji, chakula na malazi yake mgongoni, amefanya kazi nzito. Ugumu wa safari hii hautokani na mwinuko. Unatokana na jua, uhaba wa maji safi, na ukaribu wa mipaka ya hifadhi.

Kutembea na mzigo si jambo geni kwa watu wa eneo hili. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walibeba mizigo ya takriban kilo 30 hadi pwani ya Bagamoyo. Msafiri wa mapumziko hahitaji kuwaiga. Kipimo kinachofaa ni mzigo usiozidi moja ya tano ya uzito wa mwili, yaani kilo 12 kwa mtu wa kilo 60, na hesabu hiyo hujaa upesi: hema, blanketi, sufuria, chakula na lita nne za maji tayari zimeufikia ukomo huo.

Majira na saa za kutembea

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Simiyu katika ukanda wa Ziwa Victoria wenye misimu miwili ya mvua, vuli na masika, na utabiri wa kila msimu hutangazwa kabla haujaanza. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye viatu hadi kila hatua ikawa mzigo, na mito ambayo kiangazi ni mchanga mtupu huweza kujaa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali. Mto uliojaa hauvukwi kwa miguu, hata kama wenyeji wanaonekana kuuvuka.

Kiangazi nacho kina masharti yake. Mwezi wa Julai jua huchomoza Bariadi karibu saa 12:45 asubuhi na kutua kabla kidogo ya saa 1 jioni. Safari inaelekea kaskazini, na katika miezi hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, hivyo humpiga msafiri usoni. Kofia yenye ukingo mpana ni ya lazima. Mpango unaotekelezeka, kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, ni kutembea kilomita 10 Ijumaa jioni, 32 Jumamosi na 30 Jumapili. Jumamosi na Jumapili mwendo uanze saa 12:30 asubuhi, mara kunapopambazuka, usimame saa 5:30, kisha uendelee kuanzia saa 9:30 alasiri. Anayeng'ang'ania kutembea saa 7 mchana hapati faida yoyote, kwa kuwa maji anayoyapoteza ni mengi kuliko umbali anaoupata.

Barabara ya lami hupita Nyakabindi, palipo na viwanja vya maonesho ya Nane Nane, kisha Dutwa na Ngasamo. Si lazima kuifuata muda wote. Njia za ng'ombe na za baiskeli zinazounganisha vijiji ni tulivu zaidi, na barabara ibaki kuwa tegemeo la kurudi: anayeumia au kuishiwa nguvu awe na uwezo wa kuifikia kabla ya giza. Panapobidi kutembea kandokando ya lami, upande wa kulia ndio salama, ili magari yanayokaribia yaonekane.

Maji

Hili ndilo linaloamua kama safari itafika mwisho. Mtu mzima anayetembea na mzigo juani huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kwa saa nane za mwendo, pamoja na maji ya kupikia, makadirio ya lita nane kwa siku ni ya busara, nazo ni kilo nane. Hakuna mkoba utakaobeba yote kwa mara moja, hivyo kila nusu siku lazima iishie mahali penye kisima cha pampu au bomba linalofanya kazi. Jambo hilo lithibitishwe kwa simu au kwa kuuliza wenyeji kabla ya kuondoka, kwa maana kisima kilichochorwa kwenye ramani huweza kuwa kimeharibika.

Maji ya lambo na yale yanayochimbwa kwenye mchanga wa mto yachemshwe hadi yatokote kabisa, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye pakiti. Lakini Simiyu ina tahadhari ya ziada. Huu ni mkoa wa pamba, na pamba hupuliziwa viuatilifu. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu ya kemikali. Lambo lililo chini ya shamba la pamba lisitumike kwa kunywa, hata likiwa limetulia na kung'aa.

Mipaka ya hifadhi

Kadiri msafiri anavyokaribia Lamadi ndivyo Pori la Akiba Kijereshi na Hifadhi ya Taifa Serengeti zinavyosogea upande wake wa mashariki. Si kila mahali penye uzio, na njia ya ng'ombe haimwambii mtu kwamba amevuka mpaka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuingia katika pori la akiba bila kibali cha maandishi, na kutokujua mpaka ulipo si utetezi wa kutegemewa. Mapori ya akiba husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na hifadhi za taifa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Anayetaka kutembea ndani ya maeneo hayo apate kibali na afuatane na askari mwenye silaha. Anayetembea nje yake abaki upande wa magharibi, karibu na barabara na makazi.

Wanyama, kwa upande wao, hawaitambui mipaka hiyo. Tembo hutoka usiku kufuata mazao mashambani na nafaka iliyohifadhiwa, na vijiji vya Busega, Itilima, Bariadi na Meatu vinalifahamu tatizo hilo vizuri. Hema lisisimikwe ukingoni mwa shamba lenye mazao wala kwenye njia ya wanyama kwenda majini, na mwendo wa usiku uepukwe kabisa. Tembo akionekana, arudiwe nyuma kimya kimya. Kumulika kwa tochi au kupiga picha kwa karibu humchokoza. Nguo ziwe ndefu na za rangi hafifu, kwa kuwa mbung'o, waenezao malale, huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi.

Kulala kijijini

Mahali salama pa kulala ni uwanja wa kaya au wa taasisi ya kijiji, kwa ruhusa. Ulinzi wa jadi wa sungusungu, ulioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ungali na nguvu vijijini, na mgeni anayekutwa gizani na mkoba mkubwa atahojiwa. Kabla ya kusimika hema, aende kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji akiwa na kitambulisho, aeleze anakotoka na anakokwenda. Salamu ya "mwadila" kwa wazee wakati wa jioni hufungua milango ambayo barua pekee haiifungui.

Msafiri asiwashe moto wala kukata kuni ndani ya ngitili, malisho ambayo kaya au kijiji kimeyafunga kwa ajili ya kiangazi. Mfumo huo wa asili uliimarishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986, wakati sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ilikuwa bado Shinyanga, na cheche moja mwezi wa Agosti hutosha kumaliza chakula cha ng'ombe wa kijiji kizima. Chakula kisichohitaji moto kinapatikana sokoni Bariadi kwa bei nafuu: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga za kukaanga. Ni vyepesi, havivundi, na vinashiba.

Dharura na kurudi

Ratiba iachwe kwa mtu mmoja aliyebaki nyumbani, ikionesha vijiji vya kulala na saa ya kupiga simu kila jioni. Simu isipopigwa, mtu huyo ajue la kufanya. Namba ya dharura ya Polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kisichanjwe wala kufungwa kwa kamba, naye apelekwe kituo cha afya mara moja. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutokutoa jasho ni dalili za kuzidiwa na joto: mwenye dalili hizo akae kivulini, apozwe kwa maji, na safari yake iishie hapo.

Wengi wafikapo Lamadi hutamani kuoga ziwani. Kichocho na mamba ni sababu mbili za kujizuia. Bafu la nyumba ya wageni linatosha. Lamadi ipo kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na magari ya kurudi Bariadi hupatikana hapo. Kwa kuwa mwendo wa Jumapili huweza kuishia saa 12 jioni, ni vyema kupanga kulala na kurudi Jumatatu asubuhi, au kuomba ruhusa kazini mapema.