Kinyonga na Istilahi za Tiba Yake: Historia Fupi

Kusudi la makala haya ni kueleza kwa muhtasari historia ya kumweka kinyonga nyumbani na kumtibu, na kupima kama maneno tuliyo nayo katika Kiswahili yanatosha kuieleza kazi hiyo. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini istilahi ya tiba ikikosewa, anayeumia ni mgonjwa, na mgonjwa huyu hana kauli ya kujitetea.

Lugha yetu imemwita mnyama huyu kwa majina kadhaa. Licha ya kinyonga, kamusi zimehifadhi neno lumbwi, na pia kigeugeu, ambalo ni sifa ya mtu asiye na msimamo. Anayekawia huambiwa kuwa anakwenda mwendo wa kinyonga. Katika ngano za Wabantu wengi, kinyonga ndiye mjumbe aliyechelewa na habari ya uzima, mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Ni dhahiri basi kwamba wazee wetu walimchungua kinyonga sana; lakini walimchungua akiwa porini, tena wengi walimwogopa. Hawakumfuga, na kwa hiyo hawakuwa na haja ya kuyapa majina maradhi yake. Hapo ndipo lilipoanzia pengo la istilahi.

Katika nchi nyingine habari zake ziliandikwa mapema. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alieleza macho, miguu na mkia wake, pamoja na viungo vya ndani. Pliny wa Roma aliandika kwamba kinyonga hali wala hanywi, bali huishi kwa hewa tu. Dhana hiyo ilidumu kwa karne nyingi. Mwaka 1669 Claude Perrault alichapisha mjini Paris maelezo ya viungo vya kinyonga aliyepasuliwa. Mwaka 1672 mwandishi Madeleine de Scudéry wa mji huo huo alipokea vinyonga kutoka Iskanderia, nchini Misri, akawaweka nyumbani kwake. Na mwaka 1688 alichapisha habari za wawili kati yao.

Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya biashara. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu wapatao 36 kutoka Kenya walipelekwa kwa mwuza wanyama katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji. Mwenye duka akawaachia katika bustani yake ili wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakatawanyika. Kwa kuwa aina hii huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na milima ya huko ina ubaridi na unyevu kama nyanda za juu za Kenya, waliongezeka upesi. Leo wanahesabiwa kuwa wavamizi, maana hula wadudu na konokono wa asili wa visiwa hivyo. Huruma iliyotangulia maarifa ilimwokoa mgonjwa na kuwadhuru wenyeji.

Baada ya hapo sheria zilikazwa. Vinyonga waliingizwa katika Mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1977. Kenya ilizuia kuwauza nje mwaka 1981. Na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Hata hivyo maarifa ya kuwatunza yamekwisha kuandikwa kwa wingi katika lugha za kigeni, na mfasiri anayeyaleta kwetu hukutana na mitego. Tutazame minne.

Kwanza ni neno mfugo. Kitenzi kufuga kinamfaa kinyonga, lakini mfugo hutuletea picha ya ng'ombe, mbuzi au kuku, yaani mnyama wa faida. Mnyama kipenzi nalo lina hatari yake: kipenzi hupapaswa na kubebwa, hali kinyonga akishikwa hufadhaika, na fadhaa ya kila siku humdhoofisha. Yafaa tuseme mnyama wa kutunzwa.

Pili ni kunywesha. Mwenye kuku huweka maji katika bakuli, na mfasiri huweza kuandika hivyo hivyo. Kinyonga kwa kawaida hanywi maji yaliyotuama. Huramba matone juu ya majani. Bakuli likiwa limejaa, yeye huweza kukauka. Akimiminiwa maji kinywani kwa nguvu, maji huweza kuingia katika njia ya pumzi. Kwa hiyo tuseme kunyunyizia majani. Macho kubonyea ndani, na sehemu ngumu ya mkojo, ambayo huwa nyeupe, kugeuka ya rangi ya chungwa, ni dalili za kukaukiwa.

Tatu ni matege. Neno hili hutaja miguu iliyopinda, nalo hutumika kwa maradhi ya mifupa ya watoto. Kinyonga aliyekosa kalisi na mionzi ya urujuanimno hupinda miguu pia, lakini taya lake nalo hulainika, na ulimi hushindwa kuruka kunasa mdudu. Mtunzaji aliyeambiwa matege atatazama miguu tu. Istilahi kulainika mifupa ni ndefu zaidi, lakini inasema kweli.

Nne, na hapa ndipo penye madhara makubwa, ni jipu na usaha. Kwetu jipu huiva, likatumbuliwa, usaha ukatoka. Usaha wa watambaazi hautiririki. Ni mgumu kama jibini, na hapana budi daktari apasue na kuuondoa wote. Asomaye "tumbua" atakamua bure na kuongeza jeraha. Pendekezo letu ni uvimbe wa usaha mgumu.

Kwa upande mwingine, lugha ina maneno yanayofaa kabisa ambayo wafasiri huyasahau. Kubabuka ni neno lenyewe hasa kwa kinyonga aliyekaa karibu mno na taa ya joto, akaungua utosi bila ya kujiondoa. Taa iwekwe mbali, jeraha lisafishwe kwa maji vuguvugu ya chumvi, naye apelekwe kwa daktari. Kuambua ngozi nalo latosha kwa ile hali yake ya kuvua ngozi kuukuu.

Mwaka 2006 wataalamu wa viumbe waliipa jamii moja ya vinyonga wa milima ya Afrika ya Mashariki jina la Kinyongia, kutokana na Kiswahili. Sayansi imeliazima neno letu kwa kumtaja mnyama. Lililobaki ni sisi kumwekea maneno ya kumponya.