Jina Kutangulia Kazi: Mfano wa Kinjikitile wa Ngarambe

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi mwenye taaluma, awe mwalimu, tabibu au mwanasheria, hushauriwa kinyume cha hayo: ajijengee jina kwanza, alitangaze, watu wamjue yeye kabla ya kuijua kazi yake. Makala haya yakusudia kuonyesha, kwa habari za Rufiji za miaka 1904 na 1905, hasara ipatikanayo jina la mtu linapoitangulia kazi yake.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kilwa huvuka Mto Rufiji akatokea Ndundu. Zamani palikuwa na kivuko. Tangu mwaka 2003 watu hupita juu ya Daraja la Mkapa. Kusini ya mto huo, upande wa bara, ndiko Ngarambe, alikokaa Kinjikitile Ngwale. Upande wa pwani ni Mohoro, alikonyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905.

Kinjikitile alikuwa mganga. Kwa kawaida uganga hupimwa karibu: aliyepona humweleza jirani, asiyepona hurudi kuuliza. Lakini mwaka 1904, kwa mapokeo yaliyokusanywa na G.C.K. Gwassa, alipagawa na pepo Hongo, akazama majini, akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Tangu hapo hakuwa tena mganga miongoni mwa waganga. Aliitwa Bokero, jina la mzimu ulioheshimiwa katika Mto Rufiji. Wajumbe waliopeleka maji yake huko na huko nao waliitwa hongo, neno lisilopaswa kuchanganywa na hongo ya rushwa wala ile ya ushuru wa misafara. Mwanaisimu ataona mara moja lililotukia: jina la pepo limekuwa cheo, na cheo kikawa mali ya yeyote aliyekibeba.

Hasara ya kwanza ni kwamba jina lililotangazwa halimtii tena mwenyewe. Mapokeo hayo yasema kwamba Kinjikitile aliwataka watu wangoje amri yake. Wamatumbi wa Nandete hawakungoja. Mwezi wa Julai 1905 waling'oa pamba, na vita vikaanza.

Ya pili, jina haliulizwi maswali. Mahenge iliposhambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, mwenye dawa alikuwa amekwisha kufa siku 26. Waliosimama mbele ya bombomu za Wajerumani hawakuwa na wa kumrudia, ila walilijua jina.

Ya tatu, jina hurithiwa upesi kuliko elimu. Baada ya kunyongwa kwake, ndugu yake alijitwalia cheo cha Nyamguni, naye akaendelea kugawa maji. Vita viliendelea mpaka mwaka 1907. Hesabu ya Wajerumani ilitaja watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria kuwa walifika 250,000 au hata 300,000, wengi wao kwa njaa.

Hatusemi kwamba Kinjikitile alikuwa laghai, wala kwamba jina lake ndilo lililoleta vita. Vita vililetwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na viboko. Tena pasipo jina lile, Wamatumbi, Wangindo na Wapogoro yamkini wasingalishikamana. Jina kubwa hufaa kukusanya watu. Halifai kuwa dhamana ya dawa.

Hata jina lenyewe halikubaki kama lilivyokuwa. Gwassa aliandika Kinjikitile; Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, aliandika Kinjeketile, na wasomaji wengi wamjua mganga huyo kwa tahajia ya mtunzi.

Sisi tushughulikao na lugha hatuna budi kulitafakari jambo hili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa mwaka 1981, ilibeba jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, si la mtu mmoja, ingawa waliofanya kazi hiyo walikuwa wengi na wenye elimu. Kwa hiyo waliokuja baadaye waliweza kuisahihisha bila kumvunjia mtu heshima. Msomi ambaye jina lake ndilo bidhaa yake hana nafasi hiyo: kila kosa linalosahihishwa humwondolea kitu, naye huanza kulilinda kosa ili alilinde jina. Hapo elimu imekwisha kuwa hirizi.