Kesi za wizi wa mtandaoni huanzia katika kituo cha polisi

MWIZI wa mtandaoni havunji mlango wala haachi nyayo. Anachoacha ni kumbukumbu katika rununu na tarakilishi, nazo huweza kufutika kwa muda mfupi. Aliyeibiwa naye hukimbilia kituo cha polisi kilicho karibu, wala si makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) katika barabara ya Kiambu, Nairobi. Ndiposa mafunzo ya upelelezi wa aina hii hayana budi kumfikia afisa wa kituoni.

Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe mwaka wa 2007, Wakenya wengi huweka pesa zao simuni, na walaghai wamezifuata huko. Mwaka wa 2018, Bunge lilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni. Sheria hiyo yawaruhusu polisi kupekua na kutwaa data kwa kibali cha mahakama.

Hata hivyo, kutwaa simu si kupata ushahidi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka nakala ya kumbukumbu za kielektroniki iandamane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Cheti kikikosekana, mahakama yaweza kuikataa nakala hiyo.

Afisa wa kituoni anahitaji kufahamu mambo manne. Kwanza, asiifungue simu ovyo, kwani kila anachobonyeza hubadilisha kumbukumbu. Pili, aitenge na mtandao ili mshukiwa asifute data akiwa mbali. Tatu, anakili nambari ya utambulisho wa simu, saa ilipotwaliwa na jina la kila aliyeishika. Nne, asimhukumu mtu kwa sababu tu laini imesajiliwa kwa jina lake; walaghai hutumia vitambulisho vya watu wengine, na asiye na hatia aweza kujipata korokoroni.

Uchunguzi wa kina ni kazi ya wataalamu. Maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa kisayansi ilifunguliwa mwaka wa 2022 katika makao makuu ya DCI. Lakini hata mtaalamu hodari hawezi kuthibitisha usalama wa ushahidi uliovurugwa kituoni kabla ya kumfikia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyepoteza karo ya mwanawe au mtaji wa duka lake hutegemea hatua zinazochukuliwa punde anapopiga ripoti.